Chini ya Usambara hakuna mizizi: mitetemo ya mbali ilivyopima ardhi ya Korogwe na Handeni

Na Mwandishi Wetu, Korogwe

MSAFIRI anayetoka Segera kuelekea Moshi, akishaupita mji wa Korogwe, huiona milima ya Usambara imesimama upande wake wa kulia kama ukuta. Upande wa kushoto ni bonde la mto Pangani, na ng'ambo ya mto ni nyanda za Handeni, ambazo huendelea kuelekea magharibi hadi zinapoungana na mbuga za Wamasai. Bondeni mwinuko ni wa mita 300 hivi kutoka usawa wa bahari. Vilele vya Lushoto vinapita mita 2,000.

Kwa muda mrefu vitabu vya jiografia vimefundisha kuwa mlima ni kama gogo linaloelea majini. Gogo nene hutokeza juu zaidi kuliko jembamba, lakini pia huzama chini zaidi. Kwa hesabu hiyo, kila mlima mrefu unapaswa kuwa na mzizi wa mwamba uliozama ndani ya dunia, na mzizi huo huwa mkubwa mara kadhaa kuliko sehemu inayoonekana.

Je, Usambara ina mzizi wa namna hiyo? Hakuna mtu anayeweza kuchimba kilomita 40 kwenda chini ili aone. Jibu lilitoka kwenye mtambo mdogo uliowekwa Hale, wilayani Korogwe, ambao kazi yake ilikuwa kusikiliza matetemeko yaliyotokea maelfu ya kilomita kutoka Tanga.

Wazo la mizizi lilianzia India, katika karne ya 19. Wapima ardhi wa Kiingereza waliokuwa wakitengeneza ramani ya nchi hiyo waligundua kuwa timazi, ile ile wanayoitumia waashi kunyoosha kuta, haikuvutwa upande wa milima ya Himalaya kwa kiasi kilichotarajiwa. Mlima mkubwa kiasi kile ulipaswa kuivuta timazi kwa nguvu zaidi. Mwaka 1855 mwanaastronomia George Airy alitoa maelezo: chini ya Himalaya mwamba mwepesi umezama mahali ambapo pangekuwa na mwamba mzito, na kwa hiyo mvuto wa mlima unapunguzwa na wepesi wa mzizi wake.

Lilikuwa wazo zuri, lakini halikuwa na kipimo. Kipimo kilikuja zaidi ya miaka 50 baadaye, kwa msaada wa tetemeko la ardhi.

Oktoba 8, 1909 tetemeko lilitikisa bonde la mto Kupa, kusini mwa mji wa Zagreb, katika nchi ambayo leo ni Croatia. Andrija Mohorovičić, mtaalamu wa hali ya hewa wa mji huo, alikusanya kumbukumbu za mitambo ya kupimia mitetemo kutoka miji mbalimbali ya Ulaya. Akaona jambo ambalo hakulitegemea: baadhi ya vituo vilipokea mawimbi ya aina moja mara mbili, kwa nyakati tofauti, ingawa tetemeko lilikuwa moja.

Maelezo yake yanaeleweka kwa urahisi na yeyote aliyewahi kusafiri vijijini. Dereva mmoja hufuata njia fupi ya vumbi, mwenzake huzunguka mbali hadi kwenye lami. Kwa safari fupi, wa vumbi hufika mwanzo. Kwa safari ndefu, wa lami humpita. Ndivyo yalivyofanya mawimbi ya Kupa: mengine yalipita juu juu, na mengine yalizama, yakakuta mwamba unaopitisha mawimbi kwa kasi zaidi, yakakimbia humo na kutokeza tena mbele ya wenzake.

Mpaka ambako vumbi linaishia na lami inaanzia, kwa mfano huo, Mohorovičić aliukadiria kuwa kilomita 54 chini ya ardhi. Kwa heshima yake unaitwa Moho. Juu ya Moho ni ganda la dunia, yaani tabaka la mwamba tunaloishi juu yake, ambamo mawimbi ya kwanza ya tetemeko husafiri kwa kasi ya kilomita sita hadi saba kwa sekunde. Chini yake ni koti la dunia, lenye mwamba mzito zaidi, na humo kasi hufikia kilomita nane kwa sekunde. Kupima unene wa ganda, basi, ni kuutafuta Moho.

Njia mojawapo ya kuutafuta ni kulipua baruti na kupokea mitetemo yake kwenye mstari mrefu wa mitambo. Ndivyo ilivyofanyika Kenya mwaka 1985, 1990 na 1994 katika mradi wa kimataifa wa KRISP, ambapo baadhi ya milipuko ilifanywa ndani ya maziwa. Mradi huo ulionyesha kuwa chini ya Bonde la Ufa la Kenya ganda lina unene wa kilomita 35 upande wa kati na hupungua hadi kilomita 20 hivi karibu na Ziwa Turkana. Ni njia inayotoa picha safi, lakini ni ya gharama, inahitaji watu wengi, na si kila kijiji kitakubali kulipuliwa baruti kwa ajili ya elimu.

Tanzania ilipimwa kwa njia nyingine. Kati ya mwaka 1994 na 1995 watafiti kutoka Marekani, wakiwamo Andrew Nyblade na Charles Langston wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania na Thomas Owens wa Chuo Kikuu cha South Carolina, waliweka vituo 20 vya muda vya kurekodi mitetemo katika nchi nzima. Mstari mmoja wa vituo ulikatiza nchi kutoka magharibi kuja mashariki, ukipita Urambo, Singida, Kondoa na Kibaya. Ukaingia Mkoa wa Tanga kwa kituo cha Kiberashi, ambacho wakati huo kilikuwa Wilaya ya Handeni kabla Kilindi haijawa wilaya mwaka 2002, na ukaishia Hale.

Kituo cha namna hiyo hakimvutii mpita njia. Ni shimo lililojengewa, ndani yake mtambo usiozidi ukubwa wa sufuria, pembeni betri, paneli ya umeme wa jua, na saa inayopata muda sahihi kutoka kwenye setilaiti. Saa ndiyo roho ya kazi yote. Mtambo ukikosea kwa sekunde moja, unene wa ganda unaweza kukosewa kwa kilomita nyingi.

Hakuna baruti iliyolipuliwa. Watafiti walisubiri matetemeko ya asili, na dunia haijawahi kuwa na upungufu wa matetemeko. Yakitokea Indonesia, au kwenye milima ya Hindu Kush huko Afghanistan, mawimbi yake huzama ndani kabisa ya koti la dunia na kuibukia chini ya Korogwe yakija karibu wima, mithili ya taa inayomulikwa kutoka chini ya sakafu.

Tetemeko hutoa mawimbi ya aina mbili yanayopita ndani ya mwamba. Ya kwanza, yanayoitwa P, husukuma na kuvuta, kama mabehewa ya garimoshi yanavyogongana pale injini inapoanza kurudi nyuma. Ya pili, S, hutikisa kwa pembeni, kama kamba iliyofungwa mtini ikirushwa, nayo huenda polepole zaidi. Wimbi la P linapogonga Moho kutoka chini, sehemu yake ndogo hubadilika na kuwa S. Kuanzia hapo yanakuwa mawili, na yote yanaelekea kwenye mtambo mmoja. P hutangulia, S huchelewa, na muda wa kuchelewa ndio kipimo chenyewe.

Kama ganda lina unene wa kilomita 37, S itafika takribani sekunde nne na nusu baada ya P. Lingekuwa na unene wa kilomita 70, tofauti ingezidi sekunde nane. Mbinu hii Langston aliwahi kuitumia kuchunguza sehemu ya chini ya mlima Rainier, nchini Marekani, katika utafiti alioutoa mwaka 1979. Miaka 15 baadaye aliileta Tanzania.

Mbinu ina udhaifu wake. Mtu anayesikia mwangwi baada ya muda fulani hawezi kujua kama ukuta uko mbali au kama sauti ilikwenda polepole. Kwa sababu hiyo watafiti waliunganisha kipimo hicho na cha pili, mawimbi yanayotambaa juu ya uso wa nchi kutoka kituo kimoja hadi kingine, ambayo hueleza kasi ya mwamba. Vipimo viwili vikikubaliana, jibu huaminika.

Matokeo yalichapishwa mwaka 1997. Katikati ya nchi, kwenye mwamba mkongwe unaobeba mikoa kama Singida na Tabora, ambao umri wake unazidi miaka bilioni mbili na nusu, ganda lina unene wa kilomita 37 hadi 42. Mashariki, kwenye ukanda wa mwamba wenye umri mdogo zaidi ambao Handeni na Korogwe zimo ndani yake, unene ni kilomita 36 hadi 39.

Kwa maneno mengine, ukanda wa mashariki wenye safu zake za milima hauna ganda nene kuliko uwanda wa Singida. Pengine ni jembamba kidogo. Kwa kulinganisha, chini ya Himalaya na uwanda wa juu wa Tibet ganda hufikia kilomita 70 hivi.

Hapa ndipo hadithi inapogeuka, na kwa maoni ya mwandishi huyu ndipo palipo na utamu wake. Mzizi wa milima ya mashariki ya Tanzania ulikuwapo. Haupo tena chini, kwa sababu uko juu. Ndio tunaoukanyaga.

Mwamba unaoonekana kwenye kingo za barabara inayopanda kutoka Mombo kwenda Soni na Lushoto, mgumu, wenye mistari myeusi na myeupe na mara nyingi punje nyekundu za ganeti, ni wa jamii ya granulaiti. Madini yaliyomo ndani yake hukubali kuwa pamoja katika hali fulani tu ya joto na shinikizo, na kwa hiyo hufanya kazi kama kipimo cha kina. Watafiti wa Ujerumani walioyachunguza katika miaka ya 1990 walipata joto la nyuzi 800 za Selsiasi hivi na shinikizo linalolingana na uzito wa mwamba wenye unene wa zaidi ya kilomita 30. Umri wa tukio hilo ni takribani miaka milioni 640.

Hesabu yake haihitaji kikokotoo. Mwamba ulioko juu leo ulikuwa kilomita 30 au zaidi chini ya ardhi. Chini yake bado kuna ganda la kilomita 36 hadi 39. Jumla inakaribia 70, ambao ni unene wa Tibet ya leo. Wanajiolojia hawaichukulii jumla hiyo kuwa kipimo kamili, kwani katika muda mrefu kama huo ganda linaweza kuvutwa likawa jembamba au kuongezewa mwamba kutoka chini. Hata hivyo, sura ya jumla inakubalika: palipo na mashamba ya mkonge ya Korogwe na mahindi ya Handeni palikuwa na milima inayoweza kulinganishwa na Himalaya, iliyoinuka pale mabara yalipogongana na kuunda bara kubwa la Gondwana. Mabaki ya mgongano huo yanaanzia Msumbiji, yanapita Tanzania na Kenya, hadi Bara Arabu.

Mvua na mito viliila milima hiyo kwa mamilioni ya miaka. Kama jahazi linalopakuliwa shehena, ganda lilipanda kadiri mzigo wa juu ulivyopungua, hadi kilichokuwa mzizi kikatokeza juani. Utajiri wa eneo hili ni zao la jiko hilo la chini. Vito vya Kalalani, kaskazini mwa Wilaya ya Korogwe, vilipikwa humo. Dhahabu ya Magambazi, Handeni, ambayo iliwavuta wachimbaji wadogo na baadaye kampuni, nayo imo ndani ya miamba iliyobadilishwa na joto na shinikizo hilo.

Linabaki swali moja gumu. Kama mzizi haupo, Usambara ya leo imesimamaje?

Milima ya leo si mabaki ya vilele vya zamani. Ni vipande vya ganda vilivyoinuliwa na nyufa, muda mrefu baada ya Gondwana kusambaratika. Bonde la Pangani ni upande ulioshuka, Usambara ni upande uliobaki juu. Hata milima yenyewe imekatwa: mto Lwengera, unaoingia Pangani karibu na Korogwe, hupita kwenye bonde linaloitenga Usambara Magharibi na Usambara Mashariki. Kwa kanuni ya Airy, mlima uliozidi majirani zake kwa mita 1,500 ungehitaji mzizi wa kilomita nane hivi ili uelee. Lakini kipande chenye upana mdogo hakilazimiki kuelea. Mwamba wa kale, uliopoa na kukakamaa, unaweza kukibeba kama boriti inavyobeba dari, bila nguzo chini yake.

Hale, ikumbukwe, iko mguuni pa mlima, si kileleni, na kutoka hapo hadi Kiberashi ni zaidi ya kilomita 100. Vituo vilivyoachana kiasi hicho vinatoa wastani wa ukanda, si picha ya kila kilima. Ng'ambo ya mpaka, kwenye milima ya Chyulu nchini Kenya, mradi wa KRISP ulikuta ganda la kilomita 44 hivi, lakini Chyulu ni milima ya volkano, na haifai kuwa kioo cha Usambara.

Uwanda mzima wa Afrika Mashariki nao uko juu kuliko inavyotarajiwa kwa unene wa ganda lake. Mitetemo ile ile ya 1994 na 1995 ilitumika kuangalia chini zaidi ya Moho, na mwaka 1998 ikaonyesha kuwa pembeni mwa mwamba mkongwe wa katikati ya Tanzania, chini ya mabonde ya ufa, mawimbi hupungua kasi, dalili ya mwamba wenye joto. Utafiti uliotolewa mwaka 2013 na Gabriel Mulibo wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pamoja na Nyblade, uliotumia pia vituo vipya vya mpango wa AfricaArray ulioanzishwa mwaka 2004, ulifuatilia joto hilo hadi mamia ya kilomita chini. Nchi yetu, kwa lugha ya mitaani, imekalia jiko.

Msomaji wa mjini anaweza kuuliza haya yote yanamhusu nini. Yanamhusu kwa sababu unene wa ganda na kasi ya mawimbi ndani yake ndivyo vinavyotumika kukokotoa tetemeko limetokea wapi na kwa kina gani. Ukitumia ramani isiyo sahihi ya ganda, tetemeko lililotokea kwenye ufa wa Pangani linaweza kuandikwa kuwa limetokea kilomita kadhaa pembeni, na wahandisi wakaulinda ufa usiohusika.

Kina nacho si jambo dogo. Agosti 18, 1994, wakati vituo vya muda vikiwa kazini, tetemeko lenye ukubwa wa 5.9 lilitokea eneo la Rukwa. Kumbukumbu za vituo hivyo zilionyesha kuwa lilianzia kilomita 25 hivi chini ya ardhi, kina ambacho katika nchi nyingi mwamba huwa wa moto na laini kiasi cha kutoweza kuvunjika. Hapa kwetu mwamba wa chini bado ni mgumu, na mwamba mgumu huvunjika. Tetemeko la Kagera la Septemba 10, 2016, lililokuwa na ukubwa wa 5.9 pia, liliua watu wasiopungua 17 na kubomoa nyumba nyingi za Bukoba, mji ambao wengi hawakuufikiria kuwa wa hatari. Agosti 12, 2020, wakazi wa Dar es Salaam walikimbia kutoka kwenye maghorofa baada ya tetemeko lililotokea baharini.

Korogwe na Handeni hazimo kwenye orodha ya maeneo yanayotikiswa mara kwa mara kama Rukwa au Natron. Lakini nyufa zilizoinua Usambara zipo, na kando yake kuna vitu vya kulindwa. Kituo cha umeme cha Hale, chenye uwezo wa megawati 21, kilianza kazi mwaka 1964, na chini yake kwenye mto huo huo kipo cha New Pangani Falls chenye megawati 68, kilichokamilika mwaka 1995. Bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, lenye urefu wa kilomita 1,443, linapita Kilindi, Handeni, Korogwe na Muheza kabla ya kufika Chongoleani, Tanga.

Mtambo wa Hale uliondolewa kazi ilipokwisha. Kumbukumbu zake hazikuondoka: zimehifadhiwa kwenye hazina ya takwimu za mitetemo nchini Marekani, zikiwa na jina la kituo kwa herufi nne, HALE, na mwanafunzi wa Dar es Salaam au Dodoma mwenye kompyuta na intaneti anaweza kuzipakua bila malipo. Mwaka 2012 Fred Tugume wa Uganda na wenzake walichapisha upimaji mpya wa unene wa ganda la Afrika Mashariki uliounganisha vituo vya zamani na vipya. Nao ulikuta kuwa ganda la mwamba mkongwe na lile la ukanda wa milima hayapishani sana kwa unene.